Kereng'ende anapojivua gamba: lenzi ipi, mwanga upi, bwawani au kwenye beseni?

Kabla ya kuuliza ununue lenzi gani ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, chukua rula. Kereng'ende tunayemwona kwa makundi juu ya viwanja vya mpira mvua zikikaribia, yule wa manjano iliyofifia ambaye wataalamu humwita Pantala flavescens, ana mwili wa sentimita 4.5 hadi 5. Tunutu wake, yaani mtoto asiye na mabawa anayeishi majini, ana urefu wa sentimita 2.5 hivi. Usiku tunutu anapotoka gambani na kuwa mdudu mwenye mabawa, picha inayojieleza yenyewe lazima ionyeshe vitu viwili kwa pamoja: gamba tupu lililong'ang'ania kijiti, na mdudu mpya aliyelishikilia, mabawa yakiwa bado yana mikunjo. Ukiacha nafasi kidogo juu na chini, unahitaji fremu ya wima ya sentimita 7 au 8.

Sasa linganisha na kamera. Lenzi ya makro husifiwa kwa kufika 1:1, maana yake kitu kinaangukia kwenye sensa (bamba la ndani ya kamera linalopokea picha) kwa ukubwa wake halisi. Sensa ya fulufremu ina milimita 36 kwa 24. Kwa 1:1 utapata kichwa na kifua tu, gamba limebaki nje. Kwa sensa ndogo ya APS-C, ya milimita 23.5 kwa 15.6 hivi, utapata pungufu zaidi. Ili mwili mzima uingie na APS-C unahitaji kati ya 1:3 na 1:4, na kwa fulufremu ni 1:2 hadi 1:3.

Wengi hulipia ukuzaji ambao tukio hili haliuhitaji, halafu wanakosa pesa ya vitu viwili vinavyoamua picha: umbali kati ya lenzi na mdudu, na mwanga. Ulinganisho wote hapa chini nimeupima kwa mizani hiyo.

Ratiba ya tukio

Huwezi kuchagua vifaa bila kujua kinachotokea na kwa muda gani. Siku chache kabla, tunutu huacha kula. Husogea kwenye maji ya kina kifupi na kutoa kichwa na kifua juu ya maji, kwa kuwa ameanza kuvuta hewa. Vifuko vya mabawa mgongoni huvimba. Giza likishaingia hupanda kijiti, jani la mpunga, hata ukuta wa bwawa, na kutafuta mahali pa kukita kucha zake. Hapo hutulia.

Kisha ngozi ya kifua hupasuka mgongoni. Kinatoka kifua, kichwa, miguu, halafu anajilaza kinyumenyume hadi ananing'inia kichwa chini, ameshikiliwa na ncha ya tumbo tu ambayo bado imo ndani ya gamba. Hukaa hivyo nusu saa au pungufu, akisubiri miguu ikaze. Mtu asiyejua atadhani amekufa. Huu ndio muda wa kurekebisha tripodi na taa, maana kinachofuata hakikupi nafasi: anajikunja kwenda juu kwa ghafla, anadaka kichwa cha gamba kwa miguu na kuchomoa tumbo. Ni sekunde tu.

Baada ya hapo mambo yanapoa tena. Mabawa hujaa majimaji ya mwili na kunyooka ndani ya robo saa hivi, yakiwa ya rangi ya maziwa, yamefungwa pamoja nyuma ya mgongo. Tumbo hurefuka, na matone ya maji huonekana yakidondoka kwenye ncha yake. Mabawa yakishakauka na kung'aa hufunguka pande mbili kwa mpigo. Kuanzia kupasuka kwa gamba hadi hapo ni saa moja hadi tatu, na usiku wa baridi huongeza muda. Wengi wa kereng'ende wakubwa wa nchi za joto huwa wamesharuka kabla jua halijachomoza.

Ratiba hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza, mdudu anabadilisha mahali kwenye fremu: kwanza yuko nyuma ya kijiti na chini, kisha yuko juu, kisha mabawa yanashuka chini ya miguu yake. Fremu iliyobana mwanzoni itakukata mabawa baadaye. La pili, karibu kila kitu hutokea kwenye bapa moja ukitazama kwa ubavu: gamba, mwili, na mabawa yaliyofungwa. Weka kamera ubavuni, sensa iwe sambamba na mwili, na hata fokasi nyembamba itakutosha.

Lenzi

| Chombo | Umbali toka mbele ya lenzi, mwili mzima ukiwa kwenye fremu | Kasoro kubwa |
|---|---|---|
| Simu kwa makro yake | sentimita chache | kivuli na pumzi vinamfikia |
| Lenzi ya 50mm na mrija mfupi wa kuirefusha | sm 15 hivi | flashi haina pa kukaa |
| Makro ya 60mm | chini ya sm 20 | kama hiyo ya juu |
| Makro ya 90 hadi 105mm | sm 25 hadi 35 | bei |
| Zoomu ya 55–250mm peke yake | zaidi ya sm 60 | haisogei karibu zaidi |
| Zoomu na kioo cha kukuza cha +2 | sm 50 au pungufu | unafunga na kufungua kila mara |

Mstari wa tano ndio unaoshangaza watu. Chukua mfano wa Canon EF-S 55–250mm STM, zoomu ya bei nafuu ambayo wengi wanayo kabatini. Inafokasi kuanzia sentimita 85 kutoka kwenye sensa, na hapo inafika mara 0.29 ya ukubwa halisi. Kwa sensa ya APS-C ya Canon, ndogo kidogo kuliko ile niliyoitaja juu, fremu inakuwa na urefu wa milimita 77. Ndicho kipimo tulichokitoa kwenye rula. Kwa hiyo mwenye zoomu hiyo anaweza kupiga tukio zima leo bila kununua chochote, akiwa amekaa mbali kiasi kwamba mdudu hamhisi, na majani ya kando hayatikiswi na mkono wake.

Akitaka kusogea zaidi, afunge mbele ya zoomu kioo cha kukuza kinachokaa kama filta. Nguvu yake huandikwa kwa diopta, na umbali wa kazi ni mita 1 ugawe kwa namba hiyo. Kioo cha +2, kama Canon 500D, kinakupa sentimita 50, na kwenye 200mm unapata mara 0.4. Raynox DCR-150 ni diopta 4.8, umbali sentimita 21 hivi; DCR-250 ni diopta 8, umbali sentimita 12 na nusu. Wauzaji watakusukumia DCR-250 kwa kuwa inakuza zaidi. Kwa jicho la nzi ni sawa, kwa kereng'ende anayejivua gamba ni kali mno. Chagua dhaifu. Angalia pia idadi ya vioo: vile vya seti ya bei ya chini, vyenye kioo kimoja chembamba, huacha ukungu wa rangi pembeni mwa mabawa, na mabawa ndiyo picha yenyewe.

Makro ya 100mm ni chombo kizuri na sitamkataza mtu mwenye nazo. Ni kali kotekote, inakuruhusu kuhama kutoka mwili mzima hadi jicho bila kufungua kitu, na umbali wake unatosha kuweka flashi. Ila nikipewa bajeti ya kitu kimoja kwa ajili ya kazi hii peke yake, ningetafuta zoomu iliyotumika na kioo cha +2, fedha iliyobaki niitie kwenye tripodi na flashi. Makro ya 60mm ningeiacha: kwa tukio hili inakulazimisha kuwa karibu bila kukupa cha ziada.

Mirija ya kurefusha lenzi ni rafiki wa mwenye mfuko mwembamba, lakini angalia kitu kimoja. Ile isiyo na nyaya za umeme ndani haiwasiliani na lenzi, hivyo kwa lenzi nyingi za kisasa huwezi kubadilisha tundu (upana wa mlango wa mwanga, unaoandikwa kwa namba kama f/11) wala kufokasi kwa mota. Ukiwa na lenzi ya zamani ya 50mm yenye pete ya tundu, tatizo hilo halipo. Kwa lenzi mpya, ongeza fedha kidogo upate mirija yenye nyaya.

Simu? Simu nyingi za sasa hupiga makro kwa lenzi pana, na iPhone 13 Pro ya 2021 hufokasi kwa sentimita 2. Umbali huo ni wa kumgusa. Zima makro ya otomatiki, tumia lenzi kuu, rudi nyuma sentimita 15 hadi 20, kisha kata picha baadaye. Kwa jambo moja simu inazishinda kamera nyingi: video ya picha za vipindi. Iweke kwenye kishikio, picha moja kila sekunde 10. Saa mbili zitakupa picha 720, ambazo kwa fremu 24 kwa sekunde ni video ya nusu dakika. Iunganishe na pawabenki. Nimeona kazi nzuri ya aina hii iliyofanywa kwa simu ya kawaida kabisa iliyoegemezwa kwenye tofali.

Tundu na unene wa fokasi

Hapa nitapita haraka. Kwa 1:1 na f/11 kwenye APS-C, sehemu iliyo kali haifiki milimita 1. Kwa mara 0.29 na f/11 hiyo hiyo, inafika kama milimita 6, ambayo inafunika mwili na gamba ukiwa umekaa ubavuni vizuri. Faida nyingine ya kuacha tamaa ya 1:1 ndiyo hiyo. Kuunganisha picha nyingi za fokasi tofauti kunawezekana wakati ananing'inia au mabawa yanapokauka, lakini mabawa yakiwa yananyooka yanasogea kila dakika na programu itakuchanganyia mishipa ya mabawa. F/11, picha moja, basi.

Flashi au taa ya LED

Taa ya kuwaka muda wote ina raha yake: unaona unachopata, fokasi ni rahisi, na video haiwezekani bila hiyo. Lakini tukio hili kwetu linaangukia msimu wa mvua, na kila anayekaa kwetu anajua taa ya nje hufanyaje usiku baada ya mvua. Kumbikumbi watakuja. Watatua kwenye kijiti, kwenye lenzi, na mmoja akigusa bawa laini amelikunja maisha. Nyuma ya kumbikumbi anakuja mjusi kafiri, naye hachagui nani amejiandaa kupigwa picha. Mende na nondo ni wa nyongeza.

Flashi haiwaiti wadudu. Inawaka kwa muda mfupi sana, hasa ukiiweka kwenye nguvu ndogo, hivyo hata mtikisiko wa upepo na ule mkunjo wa ghafla vinagandishwa. Inakuruhusu ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) ya chini na f/11 bila wasiwasi. Ubaya wake ni mng'ao: mwili mpya unateleza kama umepakwa mafuta, na flashi tupu itaacha doa jeupe kwenye jicho na kifuani. Ilainishe. Kipande cha chupa nyeupe ya plastiki, karatasi ya kuokea keki, au kitambaa cheupe kilichotandazwa mbele yake, kikubwa kadiri kinavyoweza na karibu na mdudu kadiri fremu inavyoruhusu. Umbali wa sentimita 30 au 50 wa lenzi yako unalipa hapa, kwa sababu nafasi ya kuweka hayo yote ipo.

Flashi pia huacha nyuma pakiwa peusi tii. Wapo wanaopenda. Usipopenda, simamisha jani pana la mgomba au la myugwa sentimita 15 hadi 20 nyuma ya kijiti, nalo litaipata nuru hiyo hiyo na kuwa kijani laini. Na flashi ya pili ndogo ukiiweka nyuma kwa pembeni, mabawa ya rangi ya maziwa yanaonyesha kila mshipa. Hiyo ndiyo picha ambayo LED ndogo ya mbele haitakupa kamwe.

Kwa hiyo: flashi kwa picha, tochi hafifu yenye karatasi nyekundu kwa kufokasi. LED ibaki kwa wanaopiga video, tena ndani ya chumba chenye wavu dirishani. Balbu za zamani za joto zisisogezwe karibu kabisa.

Bwawani au kwenye beseni

Uamuzi huu una uzito kuliko lenzi zote nilizozitaja.

Bwawani unapata ukweli wa mahali: majani ya mpunga, ukungu, umande, gamba za wenzake zilizojipanga kwenye mabua. Huhitaji kuhamisha kiumbe. Lakini hujui atapanda wapi, upepo unatikisa bua, na saa zenyewe ni za usiku. Maji yaliyotulia yana konokono, na konokono ana kichocho, kwa hiyo kusimama majini na miguu mitupu ili upate pembe nzuri ni jambo la kukataa. Buti za mpira ndefu ni kifaa cha upigaji picha sawa na tripodi. Mbu hawahitaji maelezo. Kando ya Ziwa Victoria au Naivasha ongeza kiboko, ambaye usiku hutoka kula majani palepale unapotaka kusimama. Na kutembea gizani na kamera shingoni bila mwenzako, hilo kila mtu analijua la mtaani kwake.

Mahali pa katikati ni majaruba au bwawa la samaki la mtu unayemfahamu. Tunutu hula vifaranga vya samaki, kwa hiyo mfugaji hatakunyima. Chomeka vijiti vyako mwenyewe jioni, vyenye gome la kukwaruza, kwenye kona iliyokingwa na upepo. Tunutu anayetafuta pa kupanda huchukua kilicho karibu.

Beseni linakupa udhibiti. Vua tunutu waliokomaa kwa chujio la mpini mrefu, wenye vifuko vya mabawa vilivyovimba, na kila mmoja akae peke yake, maana wanalana bila haya. Tumia maji ya bwawa lilelile au ya mvua; ya bomba yenye dawa yaache wazi siku nzima kwanza. Mlishe viluwiluwi vya mbu hadi aache mwenyewe kula. Simamisha kijiti kilichoinama kidogo, kitokeze sentimita 20 hadi 30 juu ya maji, na nyuma yake pawe wazi kabisa, kwa sababu anajilaza kinyumenyume na akigonga ukingo wa beseni mabawa yatakauka yakiwa yamepinda. Meza iwekwe miguu kwenye makopo ya maji, kama tunavyofanya kabati la chakula: sisimizi wakimkuta laini watammaliza kabla hujamaliza kubadilisha betri. Ndani ya hifadhi usivue chochote bila kibali.

Kasoro ya beseni ni kwamba picha zinafanana, na jicho la mpenzi wa asili litatambua. Hata hivyo kwa anayeanza ningemshauri beseni bila kusita, kwa sababu atajifunza ratiba akiwa amekaa kwenye kiti, na msimu unaofuata ataisoma bwawani gizani bila kubahatisha. Kokote utakapokuwa, kuanzia gamba linapopasuka usimguse wala usihamishe kijiti. Asubuhi mwache aruke mwenyewe, na ukitoa beseni nje litoe karibu na pale ulipomvua.

Kereng'ende yupi

Pantala ndiye chaguo la kwanza Afrika Mashariki kwa sababu ya haraka yake. Hutaga kwenye madimbwi ya mvua, hata mabwawa ya kuogelea yaliyotelekezwa, na katika maji ya joto huwa tayari kujivua gamba ndani ya wiki sita hadi tisa. Mvua za masika zikianza kujaza madimbwi, hesabu wiki hizo kwenye kalenda na utajua lini ulale mchana. Ni mdudu yuleyule anayehusishwa na safari ya kuvuka Bahari ya Hindi kutoka India kupitia Maldives, akisukumwa na pepo za msimu. Mwanabiolojia Charles Anderson aliieleza safari hiyo mwaka 2009.

Anax imperator ni mkubwa zaidi na wa kuvutia zaidi, lakini humchukua muda mrefu majini na yeye pia ni wa usiku. Mwili wake unafika sentimita 7 au zaidi, hivyo rudi nyuma zaidi.

Asiyeweza kukesha aangalie makundi mengine mawili. Wa familia ya Gomphidae, wanaopenda mito yenye mchanga na mawe, hujivua gamba mchana, wakiwa wamesimama wima au wamelala juu ya jiwe, bila kule kuning'inia kichwa chini. Na wale wembamba wanaofunga mabawa mgongoni wakitua, kama Ischnura senegalensis anayepatikana karibu kila dimbwi, hawaningʼinii pia, humaliza upesi, na wengi hufanya hivyo asubuhi. Hao ni wadogo, sentimita 3 tu, na mwembamba wa aina hiyo ndiye wa kwanza kukufanya uitamani kweli makro.

Mwenye makro ya 1:1 tayari asiiuze. Kesho yake mdudu akiwa ameshaondoka, lile gamba bado liko kwenye kijiti, halisogei, halichoki, na unaweza kuunganisha picha 30 za fokasi ukiwa na kikombe cha chai mkononi. Kwenye mpasuko wa kifua kuna nyuzi nyeupe zinazochungulia nje: ni bitana ya mirija yake ya hewa, iliyochomolewa pamoja na ngozi. Kwa mara 0.29 nyuzi hizo hazionekani vizuri. Kwa 1:1, na flashi kutoka nyuma, zinaonekana moja moja.